Jani la mlonge, chuma na sumaku: jibu kwa mwalimu wa Kasulu

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja wilayani Kasulu. Mama yangu mdogo anayeishi Ujiji amegundulika na saratani ya titi, na amepewa rufaa kwenda Bugando kuanza dawa. Kuna mtu anauza chupa ya maji meusi. Anasema ni mlonge na mwarobaini uliopikwa na chuma kwa nanoteknolojia, na anatoa sumaku ya kufunga kifuani ili dawa ivutwe kwenye uvimbe. Nimesoma kwamba wanasayansi kweli wanatengeneza chembe za sumaku kwa majani ili zibebe dawa za saratani. Je, ni kitu hicho hicho? Na mimi na wanafunzi wangu tunaweza kuzitengeneza? Mama mdogo ameahirisha safari akisubiri jibu lako."

Marahaba, mwalimu, na poleni sana kwa ugonjwa. Naanza na neno lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: mama mdogo asisubiri jibu langu wala la mtu mwingine yeyote. Afunge safari ya Mwanza wiki hii. Saratani ya titi ikiwahiwa inatibika, na kila mwezi unaopita uvimbe ukikua unampunguzia daktari njia za kuutibu. Akishafika huko, wewe na mimi tutakuwa na nafasi ya kuzungumza kemia.

Uliyosoma ni ya kweli. Kinachouzwa Ujiji sicho. Watu wanachanganya mambo haya mawili kwa sababu wakisikia jani na saratani katika sentensi moja, wanadhani jani ndilo dawa. Katika utafiti huu jani si dawa. Wewe uko karibu na ziwa, basi nikupe mfano wa mtumbwi. Chembe ya chuma ndiyo mtumbwi. Jani ni fundi anayesaidia kuuchonga, kisha ni ile rangi anayoupaka ili usiharibiwe na maji. Dawa ni abiria, na abiria huyo ni dawa ile ile ya hospitali atakayoandikiwa mama mdogo. Jamaa wa chupa hana abiria. Na nitakuonyesha kwamba hata mtumbwi hana.

Chuma kinachotumika kinaitwa magnetaiti, Fe3O4. Bila shaka umewahi kuona watoto wakiburuta sumaku ya spika mbovu mchangani, ikatoka na ndevu za punje nyeusi. Punje hizo mara nyingi ni magnetaiti. Ndani yake mna chuma cha namna mbili: kwa kila ayoni moja (atomu yenye chaji ya umeme) ya Fe2+ kuna mbili za Fe3+. Uwiano huo, moja kwa mbili, ndio ufunguo wa kazi nzima, na nitaurudia kwenye jaribio.

Ili chembe ipite mwilini inabidi iwe ndogo mno. Milimita moja ukiigawa mara milioni unapata nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na seli nyekundu ya damu ina upana wa 7,000 hivi. Chembe tunazozitaka kiini chake kina nanomita 10 hadi 20. Magnetaiti ikifikia udogo huo inabadilika tabia: ukiisogezea sumaku inavutwa kwa nguvu, ukiiondoa sumaku inaacha kabisa kuwa sumaku. Tabia hiyo ni ya lazima. Chembe zingebaki na usumaku wake zingenatana zenyewe kwa zenyewe ndani ya damu, zikafanya bonge na kuziba kapilari, mishipa ambayo seli ya damu inapita kwa kujibana.

Sasa jani. Njia ya kawaida ya maabara, iliyopata umaarufu baada ya kazi ya Massart, Ufaransa, mwaka 1981, ni kuchanganya chumvi za Fe2+ na Fe3+ katika maji kisha kudondoshea alkali. Papo hapo mashapo meusi yanashuka. Tatizo ni kwamba chembe hizo zikiachwa uchi zinanatana na kukua, na hewa inaendelea kuzila kama kutu inavyokula bati. Kwa hiyo huvalishwa kemikali za kuzitenganisha, na baadhi ya kemikali hizo ni ghali au zina sumu. Hapo ndipo wanasayansi walipogeukia majani: mlonge, mwarobaini, mpera, mshubiri, chai. Maji ya majani haya yana polifenoli (kemikali za mimea, tanini ikiwa mojawapo), flavonoidi zilizo jamii yake, sukari na protini. Molekuli hizi zinashika uso wa chembe changa, zinaizuia isikue kupita kiasi na isinatane na jirani yake. Baadhi yake pia hutoa elektroni na kugeuza sehemu ya Fe3+ kuwa Fe2+.

Nitakuambia jambo ambalo wengi wanalipitia haraka. Kazi nyingi zinazoitwa za kijani, yaani za kutumia mimea badala ya kemikali kali, bado zinatumia alkali ya sodiamu haidroksaidi. Alkali ndiyo inayoshusha magnetaiti, jani linavalisha. Sioni aibu katika hilo. Kupunguza kemikali zenye sumu ni faida ya kweli kwa mtu wa maabara na kwa mto unaopokea maji machafu. Ila tusiseme jani limefanya lisilolifanya.

Na hapa ndipo chupa ile inapoingia. Umewahi kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma? Utomvu unakauka mweusi, kisu kinakuwa cheusi, na vidole vinabaki na madoa siku mbili. Weusi ule ni tanini ya ndizi iliyoshikana na chuma cha kisu. Ni wino. Kwa karne nyingi Ulaya waliandikia wino uliotengenezwa hivyo hivyo, kwa tanini ya mimea na chumvi ya chuma. Pika majani yenye tanini katika sufuria ya chuma, au yatie chumvi ya chuma, utapata maji meusi ndani ya dakika moja, na ndani yake inaweza kusiwe na hata chembe moja ya magnetaiti.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipokuwa naanza kazi. Nilimimina chai ya rangi, iliyokolea, katika feriki kloraidi, ikawa nyeusi tii, na nikaandika kwenye daftari kwamba nimepata chembe za sumaku. Nilifanya kazi wiki tatu juu ya kimiminika kile, nikikichuja na kukikausha. Siku moja fundi wa maabara, mzee mtulivu, alichukua sumaku akaiweka ubavuni mwa chupa, akanyamaza, akaniachia hapo. Nilikaa nikiitazama karibu saa nzima. Hakuna kilichosogea. Wiki zote tatu nilikuwa nachuja wino. Zipo pia kazi zilizochapishwa ambazo baadaye zilipimwa upya ikaonekana kwamba chembe zilizodaiwa kuwa za chuma zilikuwa michanganyiko ya chuma na polifenoli. Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye maji meusi, weka sumaku pembeni mwa chupa ya kioo na usubiri. Yaliyo meusi na hayasogei ni wino.

Tuseme hata hivyo kwamba yake yanasogea. Mama mdogo anayanywa. Tumboni yanakutana na asidi ya haidrokloriki, ambayo huyeyusha oksaidi za chuma. Chembe haipiti nzima kutoka tumboni hadi kwenye damu ikaenda kukaa kwenye titi. Kinachofyonzwa ni chuma kidogo kama cha kwenye mchicha, tena tanini inazuia hata hicho kisifyonzwe vizuri. Sumaku kifuani inabaki haina cha kuvuta. Damu yenyewe haivutwi na sumaku ya namna ile, ingawa ina chuma, kwa sababu chuma cha himoglobini si magnetaiti. Chembe za kubeba dawa huingizwa kwa sindano, zikiwa zimesafishwa, zimepimwa ukubwa, na hazina kijidudu hata kimoja. Tafadhali asitokee mtu wa kusoma sentensi hii akadhani ajidunge za nyumbani. Hilo linaua.

Sasa uniulize: kama jambo ni gumu hivi, kwa nini watu wazima wanalihangaikia? Ngoja nikueleze kwa dawa moja. Mama mdogo huenda akapewa doksorubisini. Utaitambua kwa macho: dripu nyekundu kama juisi ya rozela, na siku moja au mbili baadaye hata mkojo unakuwa mwekundu. Ni dawa nzuri sana. Lakini inapita mwili mzima, inaangusha nywele na kushusha seli nyeupe za damu, na ikilimbikizana inaudhuru moyo. Ndiyo maana madaktari wanahesabu jumla aliyowahi kupewa mgonjwa maishani na kuna kiwango ambacho hawakivuki. Fikiri kama nusu tu ya dawa hiyo ingeelekezwa kwenye uvimbe na moyo ukaachwa. Mimi nimeona wagonjwa waliosimamishiwa dawa iliyokuwa inawasaidia kwa sababu moyo umechoka. Kwa ajili yao ninaamka asubuhi na kwenda kazini.

Namna ya kumpakia abiria ni kupitia koti la chembe. Dawa inashikizwa kwenye koti kwa kifungo kinacholegea mahali penye asidi. Damu ina pH (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) ya 7.4, mazingira ya uvimbe mara nyingi yako kati ya 6.5 na 6.8, na ndani ya vifuko vya seli vinavyomeza chembe pH inashuka hadi karibu 5. Doksorubisini inaachia vizuri zaidi huko kwenye asidi. Katika bika la maabara, nje ya mwili, jambo hili linafanya kazi, na majarida yamejaa grafu zake.

Mwilini kuna mengine. Chembe ikishaingia kwenye damu inavishwa protini ndani ya dakika chache, na seli za ini na wengu zinaiona kama mgeni na kuimeza. Ikiwa ndogo kuliko nanomita 6 hivi, figo inaitoa. Ikizidi 200, wengu unaichuja. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio ya chembenano za kila aina kwa wanyama, wakakuta kwamba kiwango cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya kilichodungwa. Chini ya moja katika mia! Wengi wetu tulinyamaza siku tuliposoma namba ile.

Je, sumaku haiongezi? Inaongeza, ikiwa karibu. Kwa sumaku ndogo, ukizidisha umbali mara mbili uga wake unapungua mara 8, na nguvu ya kuvuta chembe inapungua kupita hapo. Mtu aliye ufukweni anaweza kuuvuta mtumbwi uliopo maji ya magoti. Uliopo kilindini hawezi kuuvuta. Titi liko karibu na ngozi, kwa hiyo ni mahali panapotia moyo zaidi kidogo kuliko kongosho. Mwaka 1996, nchini Ujerumani, Lübbe na wenzake walichapisha jaribio la kwanza kwa binadamu: wagonjwa 14 wenye uvimbe uliokwisha kukua walidungwa epirubisini, ndugu wa doksorubisini, ikiwa imeshikizwa kwenye chembe za sumaku, huku sumaku imewekwa juu ya uvimbe. Wagonjwa walistahimili. Lakini si kila uvimbe ulionasa chembe, na nyingi ziliishia kwenye ini. Hilo ni karibu miaka thelathini iliyopita na njia hiyo bado haijawa tiba ya kawaida popote.

Tena kuna jambo ambalo mwenye chupa hawezi kukuambia. Saratani ya titi ikihama huenda kwenye mifupa, mapafu, ini na ubongo, mara nyingine kwa vijipande visivyoonekana kwenye kipimo chochote. Sumaku utaiweka wapi? Dawa ya dripu, pamoja na madhara yake yote, ina sifa moja kubwa: inafika kote. Udhaifu unaotukera ndio huo huo unaookoa maisha.

Nisikuache na picha ya giza tupu. Oksaidi ya chuma yenye ukubwa wa nano imeshaingia hospitalini kwa kazi nyingine. Ferumoksitoli, chembe zilizovikwa kabohaidreti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa chuma kwa wagonjwa wa figo. Na mwaka 2010 Ulaya iliruhusu chembe za chuma zinazodungwa moja kwa moja kwenye uvimbe wa ubongo kisha kupashwa moto kwa uga wa sumaku unaogeuka-geuka. Lakini dawa ya saratani iliyobebwa na chembe zilizopikwa kwa majani na kuidhinishwa kwa wagonjwa haipo, si Tanzania wala kwingine.

Kikwazo kimoja kinahusu jani lenyewe, na nakitaja kwa sababu ninyi wa Kigoma mnaweza kukifanyia kazi. Mlonge uliochumwa Januari, mvua zikinyesha, hauna kemia sawa na uliochumwa Agosti jua likiwa kali. Udongo, umri wa jani na namna lilivyokaushwa vyote vinabadilisha polifenoli, na polifenoli zikibadilika, ukubwa wa chembe na koti lake vinabadilika. Mamlaka ya dawa haiwezi kupitisha sindano ambayo kila msimu ni kitu kingine. Nadhani hapa ndipo penye kazi kubwa iliyobaki, kuliko kuongeza orodha ya majani mapya yaliyojaribiwa mara moja.

Hivyo ndiyo, wewe na wanafunzi wako mnaweza kutengeneza chembe zenyewe, kwa kujifunza. Tumieni mlonge, kwa sababu una tanini chache kuliko chai na wino hautawasumbua sana. Chemsheni polepole gramu 20 za majani mabichi yaliyooshwa katika mililita 200 za maji kwa dakika 20, muipue na kuichuja ikipoa. Yeyusheni gramu 5.4 za feriki kloraidi ya heksahaidreti na gramu 2.8 za ferasi salfeti ya heptahaidreti katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, ili oksijeni iwe imepungua. Mkikokotoa moli mtapata mbili kwa moja, ule uwiano niliousema. Kagueni fuwele za ferasi salfeti kwanza: zikiwa kijani zinafaa, zikiwa zimepiga rangi ya kutu zimeshageuka Fe3+ na uwiano umeharibika. Shule nyingi zinakwama hapa na kulaumu jani.

Tieni mililita 20 za maji ya mlonge, pasheni hadi nyuzi 70, kisha dondosheeni sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita huku mkikoroga. Mtahitaji mililita 80 na ziada kidogo, hadi pH ifike 10 au 11. Miwani na glavu ni lazima, alkali hii inapofusha. Mchanganyiko utatoka rangi ya chungwa iliyokoza hadi mweusi. Msishangilie weusi. Wekeni sumaku ya spika chini ya bika, mngoje: maji ya juu yataangaza na vitu vyeusi vitalala juu ya sumaku kama tope. Mimineni maji, osheni mara nne, ngojeni litmasi iache kubadilika. Mkikausha mtapata gramu 2 hivi. Fanyeni bika la pili bila mlonge, mlinganishe ni lipi linatuama haraka likiwa halina sumaku karibu. Hapo wanafunzi wataona kwa macho kazi ya koti. Asionje mtu.

Kuhusu Bugando: mama mdogo abebe majibu yote ya kipimo cha kinyama na picha alizopigwa, na aende na mtu wa kumsindikiza mwenye uwezo wa kuandika anayoambiwa. Kama ameshakunywa maji yale, amwambie daktari bila kuogopa kugombezwa, aseme ni kiasi gani na kwa siku ngapi, kwa sababu ini ndilo linaloshughulikia sehemu kubwa ya dawa atakazopewa na daktari atataka kulipima kwanza. Ikiwezekana abebe na chupa yenyewe. Akirudi na daftari la ratiba ya dripu, fuatilieni tarehe zile kama mnavyofuatilia ratiba ya treni. Mzunguko unaorukwa unaipa saratani nafasi.

Na mkimaliza jaribio, niandikieni mmepata nini. Msisahau kuandika majani yamechumwa mwezi gani na kwenye mti upi, kisha mrudie jaribio lile lile kwa mti ule ule kiangazi kikikolea.